Siku tano Pemba na bendi isiyo na jina

Alkhamisi, Malindi

Saa mbili za usiku tupo bandarini Malindi, hapa Unguja, na vitu kumi na tisa. Nimevihesabu mara tatu, maana safari iliyopita, na ilikuwa ya Nungwi tu, tulirudi mjini bila kiti cha dramu, na mpiga dramu wetu akamaliza mwezi mzima amekalia ndoo ya rangi. Hamali aliyetuchukulia mizigo aliizunguka ngoma kubwa mara mbili, akauliza kama ni tangi la maji. Tukamwambia ni ngoma. Akasema tangi na ngoma bei yao ni moja.

Tupo sita. Majina siandiki, wenyewe hawajaniruhusu, kwa hiyo nawaita kwa lakabu za dakhalia, yaani bweni la chuo. Mwalimu anapiga dramu. Injinia yuko kwenye kinanda. Mpemba ana udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Kuku anapuliza saksafoni, na msiniulize kwa nini anaitwa Kuku. Dada ndiye mwimbaji. Mimi nina gitaa la besi. Tulianza chuoni Tunguu, mwaka wa pili, katika chumba cha vitanda vinne vya ghorofa. Dirisha la chumba lilielekea msikitini, tukajifunza mapema sana kupiga kwa sauti ya chini. Watu wakiusifu muziki wetu kwamba una utulivu, mimi hulikumbuka lile dirisha.

Jina la bendi hatuna. Vikao vya jina tumeshakaa saba au vinane, na kila kimoja kimeisha kwa mtu kununa. Kwa hiyo popote tunapopiga, mshereheshaji hutubatiza analolitaka yeye. Paje tuliitwa Vijana wa Chuo. Bwejuu tukaitwa Jazi ya Unguja, na mzee mmoja akaondoka palepale kwa sababu alikuja kusikiliza taarabu.

Safari hii ina kazi mbili. Ya kwanza ni arusi ya binamu yake Mpemba, Wete, Jumamosi usiku, malipo nusu mkononi na nusu pilau. Ya pili hatuisemi sana. Mwalimu amepata ajira, kapangiwa skuli ya Micheweni, na Jumatatu anaripoti. Yaani tunampeleka mpiga dramu wetu tukamwache.

Meli imeng'oa nanga usiku. Chini kumejaa, tumelala juu, tumeegemea ile ngoma inayofanana na tangi. Injinia akatoa simu, akanipa sikio moja la spika, lingine akampa Mwalimu, akapiga wimbo tuliousikiliza pamoja kwa mara ya kwanza tukiwa mwaka wa pili: Walking in Rhythm, wa The Blackbyrds.

Kwa wasiowajua hao, niwaeleze, maana bila wao sisi tusingekuwepo. Donald Byrd alikuwa mpiga tarumbeta wa Detroit, mtu wa jazi ya shoka, aliyewahi kupiga na mpiga dramu Art Blakey. Miaka ya sabini alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Howard, kule Washington. Mwaka 1973 ikatoka albamu yake ya Black Byrd, iliyotayarishwa na ndugu wawili wa Mizell, nao walisoma hapo hapo Howard. Ilikuwa jazi iliyotiwa soul na fanki mpaka ikawa ya kuchezeka, ikauza kuliko chochote ambacho kampuni ya Blue Note ilikuwa imewahi kuuza. Wakosoaji wakamshukia: mzee kaiacha jazi kafuata pesa. Yeye mwaka huo huo akawachukua wanafunzi wake akawaundia bendi, ndiyo hiyo The Blackbyrds. Kevin Toney kwenye kinanda, Keith Killgo kwenye dramu, Joe Hall kwenye besi, na wenzao. Albamu ya kwanza ikatoka 1974. Walking in Rhythm ukapanda hadi namba 6 katika chati kubwa ya Marekani mwaka 1975. Mwaka huo huo wakatoa City Life, yenye ule wimbo wa bustani ya Rock Creek ambao wapigaji wa hip hop wameukatakata miaka nenda miaka rudi.

Mimi kilichonishika tangu chuoni ni kwamba walikuwa wanafunzi. Walikuwa na mitihani. Na mwalimu wao hakuwaambia waache masomo wakapige, wala waache kupiga wasome. Byrd mwenyewe alikuwa msomi wa kupindukia, alisomea hadi sheria, na tarumbeta hakuiweka chini.

"Wale walikuwa na Byrd," Mwalimu alisema gizani, akijua nafikiria nini. "Sisi tulikuwa na mlinzi wa dakhalia."

Ijumaa, Mkoani hadi Chake

Mkoani alfajiri. Bandari ipo chini na mji upo juu kilimani, kwa hiyo kila unachokishusha melini unakipandisha tena. Tumekodi keri moja, kigari cha mizigo, vyombo ndani, watu watatu ndani, watatu wakapanda daladala ya 603. Mimi nilikuwa wa daladala. Unguja nimezoea barabara iliyonyooka. Hii ya Pemba inapanda na kushuka, kulia bonde la mpunga, kushoto mikarafuu, na mbele ya nyumba karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, harufu inaingia garini kabla hujaziona. Kondakta alituambia tusikanyage zikiwa zimeanikwa ukingoni mwa barabara, mwenye mali atatufuata hadi Chake.

Tumefikia kwa shangazi yake Mpemba, Machomane. Tumeswali Ijumaa, tumelala, hakuna la kusimulia mpaka alasiri.

Alasiri Mpemba alitupeleka kwenye baraza ya kahawa. Palikuwa na mzee mmoja ambaye siku za ujana wake alipiga sanduku katika kidumbaki, ile taarabu ndogo ya ngoma. Kwa asiyelijua, ni sanduku la mbao la majani ya chai lililogeuzwa, kamba moja, na fimbo ya kuivutia kamba ikaze au ilegee. Ndilo besi. Mpemba akanitambulisha kwamba na mimi ni mtu wa besi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lako lina kamba ngapi?"

"Nne."

"Nne za nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka naandika hapa sina. Nikamwekea Walking in Rhythm kwenye simu. Akasikiliza hadi mwisho, kikombe mkononi, bila kunywa. Akasema besi anaielewa, inatembea kama mtu anayejua aendako. Akasema jamaa yule analalama kidogo tu, hapigi kelele, na hilo ni jema. Kisha Kuku, ambaye hajui kunyamaza, akamuelezea kwamba sisi tunachanganya: udi na kinanda cha umeme, taarabu na soul na jazi. Mzee akacheka. Akasema kwani taarabu ilikuja imefungwa? Ilianza kwa Sayyid Barghash na watu wa Misri, Siti binti Saad akaitia Kiswahili na akaipeleka hadi Bombay mwaka 1928 ikarekodiwe, halafu zikaja sahani za santuri na watu wakaanza kutia bolero. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ruhusa.

Tukafurahi, tukadhani ametubariki. Ndipo akauliza.

"Sasa huyu wa parapanda anapopuliza peke yake muda wote huo, mtu akitaka kutunza, atoe noti yake, ataingilia wapi?"

Kuku alijibu kwamba pale watu husikiliza. Mzee akasema, "Aa," akaagiza kahawa nyingine.

Usiku mazoezi ugani kwa shangazi, bila umeme wa spika, na ugomvi wetu wa kawaida ukaanza. Niueleze, maana nimechoka kuueleza kwa mdomo. Mpemba huupiga Walking in Rhythm katika makamu ya Rasti, yaani mpangilio mmoja wa sauti za muziki wa Kiarabu. Katika Rasti sauti ya tatu ya ngazi haikai juu kama kwenye kinanda wala haishuki hadi ile ya huzuni, inakaa katikati. Udi hauna vikato shingoni, kidole kinasimama popote. Kinanda cha Injinia kina vitufe, na baina ya kitufe na kitufe hamna kitu. Wakipiga pamoja, udi unasikika kama umetoka kwenye mstari, au kinanda ndicho kimetoka, inategemea umekaa karibu na nani. Cha ajabu ni kwamba waimbaji wa soul na bluzi nao hukaa hapo hapo katikati. Ile tatu yao ya kuteleza haimo kwenye piano, na wapiga piano wao wamehangaika nayo maisha yao yote. Kwa hiyo wale wa Washington na hawa wa Wete wana ugonjwa mmoja.

Dawa yetu, tuliyoipata mwaka wa tatu baada ya wiki mbili za kutosemeshana, ni kwamba Injinia haigusi ile tatu. Anapiga ya kwanza, ya tano na ya saba. Ya tatu inabaki wazi, ni ya udi na ya Dada. Injinia huiita jino lililong'oka. Leo alilisahau akalipiga mara nne, na mara ya nne Mpemba akauweka udi chini akaenda kula.

Jumamosi, Wete

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Arusi ilikuwa ya wanawake watupu, uwanja umezungushwa maturubai, viti vya plastiki, sare ya rangi ya zambarau kila upande, na sisi wanaume watano kwenye kona ya jukwaa tumeambiwa macho kwenye vyombo. Mshereheshaji, mama mwenye sauti inayotosha bila maikrofoni, akatutambulisha kwa jina la Wageni wa Bwana Harusi. Halua ya Wete tulipewa kabla hata ya kufunga nyaya, ya moto, sahani nzima. Mwalimu alipiga nusu ya kwanza na vidole vinanata.

Tukafungua kwa bashrafu, wimbo wa ala tupu, kama adabu inavyotaka. Tukapiga taarabu mbili tatu za zamani ambazo kila mtu anazijua, na hapo nikaona kazi ya Dada. Ana ubeti, anauimba nusu, anamtazama mtu, anaumalizia. Ule mstari ukimgusa mwanamke aliyekaa kule nyuma, anainuka. Hakimbii. Anakuja kwa mwendo wa ngoma, noti ya elfu mbili juu hewani ili wote waione, anamzunguka mwimbaji, anaangalia upande alipo yule aliyemkusudia, anatia noti kwenye sinia, anarudi. Kile anachokitunza ni maneno. Dada amemsemea jambo ambalo yeye hawezi kulisema mwenyewe kwa jirani yake, na analipia huduma. Wakati mwingine walikuwa sita kwa pamoja mbele yetu, na nina hakika walikuwa wakisemeana wao kwa wao.

Sinia lilipojaa tukajiona tumeshapendwa. Kuku akanikonyeza. Tukaingia Walking in Rhythm yetu.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mwalimu aliuvuta taratibu, mimi nikaingia, jino lilikuwa limeng'oka sawasawa, udi ukakaa pake. Vichwa vikatikisika. Halafu Kuku akaanza kupuliza. Kuku ni mpulizaji hodari, simvunjii heshima. Alipuliza raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaona mama mmoja wa mstari wa mbele ameshika noti, ameshainuka nusu, anasubiri. Anamtazama Dada. Dada amesimama, mikono kiunoni, hana la kuimba. Mama akamtazama Kuku, Kuku amefumba macho. Akakaa. Noti ikarudi kifuani. Raundi ya nne watu wakaanza kuzungumza, ya tano wakaagiza soda.

Ataingilia wapi?

Nilimsikia yule mzee wa Chake kama yupo nyuma ya spika. Kwenye klabu ya jazi msikilizaji hupiga makofi solo ikiisha, ndiyo njia yake ya kuingia. Huku mlango ni ubeti, na sisi tulikuwa tumeufunga kwa komeo tukawa tunashangaa wageni hawaingii. Miaka yote hiyo tumegombana kuhusu sauti ya tatu, hakuna aliyewahi kuuliza msikilizaji anakaa wapi ndani ya wimbo.

Aliyetuokoa ni Dada. Hakungoja Kuku amalize. Alisogea kwenye maikrofoni, akamgusa bega Kuku ashuke, na juu ya zile kodi mbili tu za kinanda (chords) zinazozunguka akaanza maneno ambayo hatukuwahi kuyasikia. Baadaye alisema aliyatunga kwenye meli, sisi tulipokuwa tumelala:

*Natembea nisichoke, moyo umo safarini,*
*Mwenye wivu na acheke, mimi nafika nyumbani.*

Aliposema *mwenye wivu* uwanja ulipiga kigelegele kimoja. Yule mama wa noti hakuinuka tena nusu, aliinuka mzima. Nyuma yake wakaja wengine. Kuku akaelewa, na hilo namshukuru, akaanza kumjibu Dada kwa vipande vifupi, kama neyi, ile filimbi ya taarabu, inavyomjibu mwimbaji, anapuliza mstari mmoja halafu ananyamaza, anaacha mtu apite. Tuliupiga wimbo ule kama dakika ishirini. Ubeti ni ule ule mmoja, na kila aliyekuja alikuwa na mwenye wivu wake.

Nikikumbuka, hata Walking in Rhythm wenyewe ulipanda chati kwa sababu una kiitikio ambacho mtoto anaweza kukiimba: mtu yuko mbali na nyumbani, anatembea, anamuwaza mpenzi wake. Katika albamu zao zipo nyimbo za ala tupu, na mimi nazipenda zaidi. Lakini ule ndio ulioingia majumbani. Waliosema Byrd kauza jazi walikuwa wanahesabu kodi za kinanda, sidhani kama waliangalia mlango.

Tumehesabu sinia saa nane usiku. Tunza ilizidi malipo ya arusi. Injinia alitaka tugawane palepale, Mpemba akasema kwanza tutoe ya keri.

Jumapili, Micheweni

Wete hadi Konde, Konde hadi Micheweni. Baada ya Konde mikarafuu inapungua, ardhi inakuwa ya mawe, upepo wa bahari unaingia. Mwalimu hakuwa akisema. Alikaa mbele na dereva, akipiga dashibodi kwa vidole viwili.

Chumba chake ni kimoja, nyuma ya nyumba ya mwalimu mwenzake, kina kitanda na meza. Dirisha linatazama minazi. Kuku akaliangalia akasema hapa unaweza kupiga kwa nguvu.

Suala la dramu tulikuwa tumeliahirisha tangu Malindi. Zimenunuliwa kwa pesa ya wote. Tukizichukua, nani atapiga? Tukiziacha, bendi inabaki na nini? Mpemba alisema tutafute mtu wa dumbaki, tupige kwa udogo. Injinia alisema mashine ya midundo ipo ndani ya kinanda chake, na hakuna aliyemjibu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeamua: zirudi Unguja, chumba hakizienei, na yeye likizo atakuja. Mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Alisema hivyo kama mtu anayesoma ratiba ya meli.

Nikamuuliza kama wale wa Howard nao waliachana hivi. Yeye ndiye aliyewasoma kuliko sote. Akasema walikwenda hadi Better Days ya mwaka 1980, iliyotayarishwa na George Duke, Byrd hayumo tena, na baada ya hapo kila mtu akashika njia yake. Miaka mingi baadaye aliyeifufua bendi ni Killgo. "Mpiga dramu," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Tulikula kwa mwenyeji wake, wali na changu wa nazi. Watoto walikuja mlangoni kumtazama mwalimu mpya. Mmoja akamuuliza atafundisha somo gani. Hesabu, akasema.

Tumelala Chake. Nimepita barazani, yule mzee hayupo, kaenda shamba. Nimemwachia salamu kwamba tumepajua pa kuingilia.

Jumatatu, Mkoani

Meli ya asubuhi. Mteremko wa bandarini na vyombo vyote, watu watano badala ya sita, na kila mmoja anabeba kidogo zaidi. Hamali wa Mkoani naye aliuliza kuhusu tangi.

Dada ameandika beti nyingine mbili, hataki tuzione. Kuku anataka tuurekodi wimbo ule ukiwa na kigelegele, na anadhani tunaweza kuwaomba wale akina mama wa Wete. Mpemba kasema jaribu uwaone. Jina bado hatuna, ila karani wa mizigo alihitaji kujaza fomu, Injinia akamwambia aandike Wageni wa Bwana Harusi, na tumepewa risiti kwa jina hilo.

Nimehesabu vitu kabla ya kupanda. Kumi na nane. Nimehesabu tena, kumi na nane. Ngoma kubwa, ndogo mbili, toazi, stendi, pedali, yote yapo.

Nikampigia Mwalimu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za darasa.

"Kiti cha dramu umekiona?"

"Ninacho," alisema. "Nimekikalia."